Miaka Thelathini na Mmoja Juu ya Matumbawe

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi alasiri, nahodha mkuu wa boti yetu ya kwanza atazima injini, atachomoa funguo na kuzikabidhi kwa mkuu wa kituo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa za utumishi. Hizo siku tisa amezihesabu mwenyewe, na ameniomba nisizisahau. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu la heshima, lakini kuanzia getini hadi mwisho wa gati sote tunamwita Mzee Tulia. Hata mkewe siku hizi akipiga simu ofisini huuliza kama Tulia yupo.

Kwa ndugu na jamaa watakaohudhuria hafla ya kumuaga na ambao hawajawahi kufika kwetu, kazi yenyewe ni hii. Tunawapeleka wageni kwa boti hadi kichwani mwa mwamba, penye boya jeupe. Hapo wanavaa miwani ya maji, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni, wanaingia baharini na kulala kifudifudi juu ya maji. Mkondo unawachukua taratibu juu ya matumbawe, kina cha mita mbili au tatu tu, kwa muda wa dakika arobaini, hadi kwenye boya jekundu. Mwongozaji anaelea pamoja nao. Nahodha anawafuata kwa pembeni, injini ikinguruma chini chini, na mwisho wa safari anawaopoa mmoja mmoja kwa ngazi. Hakuna kuogelea wala kufukuza samaki.

Inaonekana kazi rahisi, na hapo ndipo penye shida. Watu wazima hawajui kukaa bila kufanya kitu. Wakishaingia majini wanapiga mateke, wanashindana na mkondo, wanachoka, kisha wanatafuta pa kusimama. Wakisimama, tumbawe lililokua kwa miaka hamsini linavunjika kama biskuti. Kwa hiyo Mzee Tulia husimama mbele ya wageni kabla hawajaingia na kutoa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya kituo hiki: "Tulieni. Maji yanajua njia." Mgeni mmoja, baba wa makamo, aliitii hotuba hiyo hadi akapitiwa na usingizi hapo hapo juu ya maji. Mkoromo wake ulitoka kwenye mrija ukasikika hadi botini. Mwongozaji alitaka kumwamsha, lakini Mzee Tulia alimpungia mkono amwache, kwa sababu huyo ndiye pekee aliyeelewa somo.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, akiwa muosha vifaa. Ndiye aliyegundua kwamba shampuu ya watoto wachanga ikipakwa kwenye kioo cha miwani huzuia ukungu, na tangu hapo stoo yetu inanukia kama chumba cha mzazi. Ndiye pia aliyeweka kanuni ya kutembea kinyumenyume kwa aliyevaa mapezi, baada ya wageni watatu kuanguka gatini kwa asubuhi moja. Anayetuona kwa mbali huenda akadhani tunaagana na mfalme. Baada ya miaka miwili akawa msaidizi wa boti, kisha nahodha, na tangu hapo hajawahi kushuka kutoka kwenye usukani.

Sentensi hiyo ya mwisho naomba msomaji aikumbuke.

Sifa yake kubwa ni kuhesabu. Kila dakika moja, bila saa, huhesabu mirija iliyo juu ya maji, midomo ikimcheza. Ana wageni wanane na mwongozaji mmoja, basi ni tisa, tisa, tisa, hadi boya jekundu. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa maneno machache yenye ncha, anasema hata nyumbani wajukuu wakikaa mezani babu yao anawahesabu kila baada ya muda mfupi. Anasema mumewe amezoea watu wakielea, wakikaa kwenye viti wanampa wasiwasi.

Jambo jingine ambalo kila aliyefanya kazi kwenye boti hii analijua ni swali la ngazini. Mgeni anapopanda kutoka majini, kabla hajavua miwani wala kuomba taulo, humgeukia mtu wa kwanza anayemwona na kumwuliza, "Uliona?" Hajali kwamba anayeulizwa hakuwa naye majini. Ameona kitu na hawezi kukibeba peke yake. Mtu huyo wa kwanza siku zote ni Mzee Tulia, maana ndiye anayempa mkono. Naye kwa miaka yote amejibu neno moja, "Nimeona." Kisha anauliza kilikuwa upande gani, rangi gani, karibu na nini. Mwishowe anampa mgeni kamba na kumwomba aivute kwenye sakafu ya boti amwonyeshe ukubwa wake. Sisi tulidhani anawachangamsha tu.

Kumbe alikuwa akichora. Ramani kubwa iliyo kwenye chumba cha maelezo, ile iliyopakwa kwa mabaki ya rangi ya boti, ni kazi ya mikono yake na ya kamba hiyo. Ndani yake kuna Meza, lile tumbawe bapa lililo theluthi moja ya njia, kuna Ubongo, kuna Mlango wa Chewa, shimo anamoishi samaki mmoja mnene mwenye sura ya mtu aliyekatishwa mazungumzo. Waongozaji wote wapya huanza kwa kuikariri ramani hiyo kabla hawajalowa.

Nikitakiwa kutaja jambo moja kubwa alilokifanyia kituo hiki, nitataja msimu ule wa joto, miaka kumi na moja iliyopita. Wakati huo nilikuwa bado mgeni ofisini. Asubuhi moja Mzee Tulia aliingia kwa mkuu wa kituo na kumwambia kwamba watu hawageuki tena kwenye Meza. Mkuu alidhani uchovu umempanda kichwani. Mzee akaeleza: kila kundi likifika juu ya Meza, migongo yote hugeuka kushoto kwa pamoja, kama watu wa kwenye foleni waliosikia jina likiitwa. Imekuwa hivyo kwa miaka. Sasa wiki ya pili wanapita wamenyooka, na wakipanda ngazi hawamwulizi kitu. Waongozaji walibisha. Wao wako majini kila siku, na hawajaona mabadiliko yoyote. Lakini kitu unachokiona kila siku hukioni kikichakaa, na alipozidi kung'ang'ana mkuu akatuma wapiga mbizi ili apate kupumua. Walirudi na habari mbaya. Matumbawe yalikuwa yakipauka kwa joto, na yale ya juu yalikwisha kuwa meupe kama chokaa.

Sehemu ya juu ya mwamba ilifungwa miaka miwili na nusu. Boya jeupe lilisogezwa chini kufuata mkondo, na wageni walipolalamika kwamba safari imefupishwa, Mzee Tulia ndiye aliyesimama kuwapoza. Matumbawe mengi yalikufa. Meza ilipona. Siku njia ilipofunguliwa tena, alikuja ofisini jioni, akasimama mlangoni na kusema, "Wamegeuka." Akaenda zake. Cheti alichopewa kwa kazi hiyo anakihifadhi kwenye sanduku la vifaa vya injini, pamoja na plagi, kwa sababu anasema humo ndimo anamoingiza mkono kila siku.

Sasa nifike kwenye lile ambalo yeye angependa niliruke.

Miaka mitatu iliyopita tulipata mtafiti wa matumbawe, dada mmoja mpole mwenye futi ya kupimia isiyoharibika kwa maji. Alikaa nasi wiki mbili. Mwishoni aliingia ofisini ameikunja sura, akasema ramani yetu inamsumbua. Kila kitu kipo mahali pake na kwa mpangilio wake, ila kila kitu ni kikubwa kuliko kilivyo. Na kimezidi kwa kiasi kile kile, kama theluthi moja. Mtu anayetia chumvi, alisema, hutia nyingi hapa na kidogo pale, lakini hii chumvi imepimwa kwa kijiko. Ndipo akatuelezea kwamba kioo cha miwani ya maji hukuza vitu, na kwa kiasi hicho hicho. Mchoraji wa ramani hii, akasema, amepima kwa macho ya watu waliovaa miwani. Yeye mwenyewe hajawahi kunyoosha mkono kule chini.

Mchoraji wa ramani alikuwa pale pale mlangoni, akifuta mikono kwa kitambaa cha grisi. Mtafiti akamwuliza kwa upole kama amewahi kuingia. Mzee Tulia akajibu kwamba ni lazima mtu abaki botini.

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa tiketi, na muhuri ulinidondoka. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na huyu ameishi juu ya mwamba maisha yake yote ya kazi bila kuuona hata mara moja. Kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi wetu alikuwa amepitiliza.

Sababu yake nilikuja kuipata baadaye, kidogo kidogo, tukiwa tunasafisha boti. Katika mwaka wake wa kwanza wa unahodha alimwomba fundi wa injini amshikie usukani, naye atie uso majini japo kwa dakika tano. Watu sita walikuwa wanaelea. Alikuwa ameketi ngazini, miwani bado iko kwenye paji la uso, injini ikazimika. Fundi akainama kuitazama, naye akaruka kumsaidia, na kwa muda wote wawili wakayapa maji mgongo. Injini ilipowaka, hapakuwa na mrija hata mmoja. Mkondo ulikuwa umewapitisha boya jekundu na kuwatoa nje. Walipatikana baada ya dakika arobaini na moja, wameshikana mikono kwenye duara, mwongozaji akiwaimbia. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliuliza kama hiyo ni sehemu ya safari, maana ameipenda.

Ripoti iliulaumu uchafu kwenye kichujio cha mafuta. Mzee Tulia alijilaumu yeye. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kuanzia siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioshika usukani huo watu wakiwa majini. Likizo alichukua msimu wa mawimbi makubwa tu, boti zote zinapokuwa zimefungwa.

Miaka miwili iliyopita mkuu alimkumbusha kwamba kustaafu hakuna rufaa, na anahitaji mtu wa kumrithi. Niliomba mimi. Wenzangu wa ofisini walicheka, wakaniuliza kama nitaigongea bahari muhuri. Yeye hakucheka. Alinifundisha kuisoma rangi ya maji, kukaa upande wa chini wa upepo, kuisikiliza injini kama unavyosikiliza kifua cha mtoto. Nilipata leseni. Naiegesha boti bila kugusa tairi zinazoning'inia gatini. Ila kila mara watu walipoingia majini, mkono wake ulirudi kwenye usukani kimya kimya, kama kwa bahati mbaya, nami nikajikuta nimesimama pembeni nimeshika taulo. Iliniuma, na sioni sababu ya kuficha. Miezi ikaisha, wiki zikaanza kuhesabika. Ningeipokea boti nikiwa na mkono ambao hakuna aliyewahi kuuamini hata mara moja, naye angekwenda nyumbani na ramani ya mahali asipopajua.

Alhamisi iliyopita kundi la asubuhi liliahirisha. Saa tatu mkewe akaingia ofisini bila taarifa, na mfuko begani. Mama huyu amewahi kuelea juu ya mwamba wetu mara moja, mwaka aliotimiza miaka arobaini, na mumewe alimhoji wiki nzima baadaye kama polisi. Alitoa kwenye mfuko kofia yake ya rangi ya chungwa na miwani miwili, akamwambia mkuu wa kituo anataka nafasi mbili, maana kanuni yetu ni kwamba hakuna anayeingia peke yake. Mkuu akauliza wa pili ni nani. Mama akatazama nje dirishani, kule gatini, ambako mtu fulani alikuwa anakagua injini kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

Mzee Tulia alikataa kwa sababu tatu: goti, umri, na injini. Mkewe akamwambia, "Goti halitumiki huko. Si wewe unayewaambia watu maji yanajua njia?" Wasiosikia walioneshwa kwa ishara na wengine, na ndani ya dakika tano gati zima lilikuwa na watu wanaojifanya wanafagia.

Nikaipeleka boti mwenyewe hadi boya jeupe. Alinipa maelekezo ninayoyajua, akarudia, akarudia tena. Kisha akakaa ukingoni, mapezi miguuni, miwani usoni, amegeuza shingo kutazama injini. Alikaa hivyo muda mrefu. Mkewe, ambaye tayari alikuwa majini, aliinua uso na kusema bila haraka, "Baba, mwenye usukani yupo. Wewe huna kazi leo."

Akaingia.

Ninavyojua sasa, usukani una uzito tofauti watu wakiwa chini. Nilianza kuhesabu. Mbili. Mbili. Mbili. Na kila nilipohesabu, kichwa kimoja kilikuwa juu. Alielea mita tano, akainua uso kutazama boti. Mita tano, akainua tena. Mara saba. Theluthi ya kwanza ya njia mzee yule hakuona kitu ila mimi, nami nikitiririka jasho kama niko kwenye mtihani. Nilitaka kumfokea. Nilitaka pia kulia kidogo. Halafu nikakumbuka analofanya yeye mgeni mwoga anapoinua kichwa: hasemi kitu, huweka kiganja juu ya utosi wake na kukiacha hapo. Kwenye kazi yetu ishara hiyo ina maana kwamba mambo ni salama. Alipoinua uso mara ya nane nikaweka kiganja utosini. Nikakiacha.

Alinitazama kwa muda. Kisha akaweka mkono wake utosini, akashusha uso majini.

Walikuwa wanafika kwenye Meza. Mkewe alimgusa bega, lakini hakukuwa na haja. Niliuona mgongo ule mpana ukisita, halafu ukageuka kushoto, taratibu, jinsi ilivyogeuka migongo ya maelfu ya watu mbele yake. Miguu ikaacha kucheza. Hakuinua kichwa tena. Dakika ishirini na tano zilizobaki nilihesabu mirija miwili iliyo karibu karibu, mmoja ukiwa na kofia ya rangi ya chungwa kando yake, na upande wa Mlango wa Chewa niliwaona wakishikana mikono.

Kwenye boya jekundu nikasimamisha boti, nikashusha ngazi. Alimtanguliza mkewe, ndipo naye akapanda, goti likimsumbua, maji yakimchuruzika. Nikampa mkono. Hakuvua miwani. Hakuomba taulo. Alinigeukia, macho yakiwa makubwa nyuma ya kioo, akaniuliza:

"Uliona?"

Sikuwa nimeona kitu. Kwa dakika arobaini macho yangu hayakutoka kwenye mrija wake, na kama nyangumi angepita chini ya boti nisingejua. Sasa nilielewa kwa nini alijibu vile miaka yote, na kwamba hakuwa akisema uongo kama nilivyodhani, maana alikuwa amemwona anayeuliza.

"Nimeona," nikamjibu.

Alicheka hadi akakaa chini. Baadaye, tukiwa njiani kurudi, aliichukua ile kamba mwenyewe na kuivuta kwenye sakafu ya boti kumwonyesha mkewe ukubwa wa Meza. Nilipima kwa jicho. Ilizidi kwa theluthi moja, barabara kabisa. Mtafiti alikuwa ameshapendekeza turekebishe ramani, na Mzee Tulia alikuwa ameshakubali. Tulipofika gatini aliniambia iachwe kama ilivyo.

Kwa niaba ya mkuu wa kituo, waongozaji, fundi wa injini, waosha vifaa na ofisi nzima, namshukuru kwa wageni wote aliowashusha na kuwapandisha bila kukosea hesabu tangu siku ile ya kichujio. Namshukuru pia, kwa niaba yangu, kwa safari nzima ya kurudi Alhamisi ile. Alikaa mbele na mkewe, amejifunga taulo, akitazama maji, na hakugeuka nyuma kutazama usukani hata mara moja.

Mzee wetu, tunakutakia wewe na mama afya, wajukuu wanaokaa mezani wakatulia, na asubuhi nyingi za kuelea bila kumhesabu mtu. Nafasi zenu mbili zipo kila msimu. Ukija, usiinue kichwa kututafuta. Tulia. Boti ipo.